Kuwaona Kobe wa Changuu na Kima Punju wa Jozani kwa Siku Moja: Mwongozo kwa Msafiri wa Dodoma

Ukifika Unguja, wauza safari watakuambia kwamba kobe, kima na pomboo wote wanaonekana kwa siku moja. Inawezekana, ila sehemu kubwa ya siku hiyo itaishia garini. Ninashauri uchague kobe wa kisiwa cha Changuu na kima wa msitu wa Jozani, na uwaache pomboo wa kijiji cha Kizimkazi, ambao mara nyingi huandamwa na boti nyingi kwa pamoja hata wakakosa kupumzika.

Tangu 2024 treni ya SGR hututoa Dodoma hadi Dar es Salaam kwa muda wa saa nne hivi, na boti ya kuvuka huchukua takribani saa mbili. Kwa hiyo ulale Zanzibar Mjini usiku wa kuamkia matembezi. Beba kitambulisho cha taifa, kwa kuwa Mtanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, naye hutakiwa kuthibitisha uraia wake.

Anza na Changuu mnamo saa mbili asubuhi, kabla upepo haujaichafua bahari, jambo lenye uzito kwetu tuliozoea vumbi kuliko mawimbi. Kisiwa hicho kiko kilomita 6 hivi kutoka Mji Mkongwe. Patana na nahodha bei ya kwenda na kurudi pamoja na muda atakaokusubiri, na usikubali kuondoka kabla ya kuvaa jaketi la kuokolea. Vaa kandambili, maana kupanda na kushuka mara nyingi hulowesha miguu.

Kobe hao si wale wadogo tunaowakuta vichakani huku kwetu. Ni uzao wa kobe wakubwa wa Aldabra walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na baadhi yao wameandikwa umri wao mgongoni. Walishe majani wanayokupa wahudumu, lakini usimwache mtoto awapande, kwa sababu gamba lina mishipa ya fahamu na kobe huhisi anapoguswa. Jengo la gereza lililojengwa kisiwani mwishoni mwa karne ya 19 halikuwahi kufunga wafungwa. Lilitumika kuwatenga abiria walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza.

Rudi mjini, ule, kisha panda daladala ya Makunduchi, ambayo hupita mbele ya lango la Jozani, kilomita 35 hivi kutoka mjini. Lenga kufika saa tisa alasiri, jua linapopungua makali na kima wanapoanza tena kula. Kima punju hawapatikani kwa asili popote nje ya Zanzibar. Hula majani machanga na matunda mabichi, na wanaoishi karibu na mashamba hula hata mkaa, ambao hunyonya sumu iliyomo katika majani ya miembe na ya miti ya mikungu. Kwa kuwa chakula chao ni majani na matunda mabichi, ndizi yako haiwafai, hata wakikusogelea kana kwamba wanakujua. Simama hatua kadhaa mbali nao, na ukiwa na mafua uahirishe ziara, kwani maradhi ya binadamu huwaambukiza. Kabla ya kuingia msituni, muulize mwongozaji saa ya daladala ya mwisho ya kurudi mjini.