Jinsi ninavyochuja habari za "dawa mpya ya kusahau" kabla familia haijazipokea

Mama ana Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu asahau zaidi na zaidi, na mimi ndiye ninayeulizwa. Ikitoka habari kwamba wanasayansi wamegundua dawa, mdogo wangu anaitupia kwenye kundi la familia la WhatsApp, shangazi anaandika "Amina", halafu kimya. Wananisubiri niseme kama ni kweli. Mimi si daktari, ni mhasibu. Habari za utafiti wa ubongo nazisoma kama ninavyosoma hesabu za kampuni inayoomba mkopo: naanza na maelezo ya chini, faida iliyoandikwa kwa herufi kubwa naiacha mwisho.

Haya ndiyo ninayoyatafuta, na ninayatafuta kwa mpangilio huu.

Panya au mtu?

Shuka moja kwa moja hadi uone nani alipewa dawa. Mara nyingi ni panya, na neno lenyewe limefichwa katikati ya habari baada ya picha ya bibi anayetabasamu. Panya wa kawaida hapati Alzheimer. Huyu wa maabara amepandikizwa jeni za binadamu ili ubongo wake ujae amiloidi, protini inayoganda na kuwa mabonge kati ya seli za neva. Dawa zilizomsafisha panya wa aina hiyo zikashindwa kwa watu ni nyingi. Na kwa watu kwenyewe kuna mitego: semagacestat, iliyobuniwa kuzuia amiloidi isitengenezwe, ilifika kwenye majaribio makubwa, lakini mwaka 2010 ikasimamishwa. Waliokuwa wakiimeza walizorota kuliko waliopewa plasebo, yaani dawa tupu isiyo na tiba ndani yake.

Kwa hiyo habari ya panya naijibu kwa mstari mmoja: "Ni panya, tusubiri." Sisemi ni uongo. Nasema haimhusu Mama mwaka huu.

Asilimia ya nini?

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu. Chukua sentensi iliyozunguka sana: lecanemab, dawa ya kuondoa amiloidi ubongoni, hupunguza kasi ya Alzheimer kwa asilimia 27. Ni kweli. Lakini mdogo wangu aliielewa kwamba Mama angerudishiwa robo ya kumbukumbu zake, na sidhani kama yuko peke yake.

Tuifungue. Jaribio lenyewe, lililochapishwa mwishoni mwa 2022, lilihusisha watu 1,795 waliokuwa katika hatua za mwanzo, na lilidumu miezi 18. Kipimo kilichotumika kina alama kuanzia 0 hadi 18. Kadiri alama zinavyopanda ndivyo hali inavyokuwa mbaya. Mwishoni, kundi la plasebo lilikuwa limepanda kwa wastani wa alama 1.66. Kundi la dawa lilipanda kwa 1.21. Toa moja kwa nyingine unapata 0.45, na 0.45 ukiigawa kwa 1.66 ndiyo hiyo asilimia 27. Makundi yote mawili yalizorota. Lililopewa dawa lilizorota polepole zaidi. Katika hesabu hiyo hakuna aliyerudishiwa kitu.

Sasa uliza alama 0.45 ni nini nyumbani. Kipimo hicho hakitoki kwenye mashine. Mtaalamu anamhoji mgonjwa na pia mtu anayeishi naye, kuhusu mambo sita: kumbukumbu, kujua mahali na wakati, kuamua na kutatua matatizo, shughuli za nje, shughuli za nyumbani na anavyopenda kufanya, na kujitunza mwili. Kila jambo linapewa kati ya 0 na 3, na hatua ndogo kabisa ni nusu alama. Maana yake, wastani wa tofauti kati ya makundi haukufika hata hatua moja ndogo katika jambo moja kati ya hayo sita. Wapo madaktari wanaosema tofauti hiyo ni ndogo mno hata anayekaa na mgonjwa hawezi kuiona. Wapo wanaosema kwamba mtu akiongezewa miezi kadhaa ya kusimamia mambo yake mwenyewe, hilo si dogo, na huenda faida ikakua kadiri muda unavyokwenda. Mimi nawaelewa wote wawili. Kinachonikera ni asilimia inayotangazwa peke yake, bila ile alama nyuma yake. Ukikutana na asilimia, usiondoke hadi umepata namba mbili zilizoizaa.

Gharama mwilini

Habari nyingi huyapa madhara sentensi moja. Itafute hiyo sentensi, kisha itafute namba yake. Dawa za kingamwili zinazoondoa amiloidi zinaweza kusababisha maji kujaa ndani ya ubongo au damu kuvuja kidogokidogo. Kwa lecanemab, hilo la maji lilionekana kwenye picha za asilimia 12.6 ya waliotumia dawa, dhidi ya asilimia 1.7 ya waliopata plasebo. Kwa donanemab, dawa ya jamii hiyohiyo, ilikuwa takribani asilimia 24. Wengi hawakuhisi chochote; picha ya MRI ndiyo iliyosema. Wachache waliugua sana, na vifo vimetokea. Waliorithi jeni ya APOE aina ya e4 kutoka kwa wazazi wote wawili wako katika hatari kubwa zaidi: katika jaribio la lecanemab, karibu theluthi moja ya wao waliopewa dawa walionekana na maji hayo kwenye picha. Kwa hiyo ukisikia "dawa", fikiria pia kipimo cha jeni, picha za MRI za mara kwa mara, na dripu ya kila wiki mbili, angalau mwanzoni, kwa lecanemab au kila wiki nne kwa donanemab. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu ana mazungumzo mengine kabisa na daktari wake.

Je, mgonjwa wako yumo?

Majaribio hayo yalichukua watu wa hatua za mwanzo tu, ambao amiloidi ilithibitishwa kuwepo kwenye ubongo wao. Mama ameshavuka hatua hiyo. Kumwambia shangazi hivyo ilikuwa kazi ngumu kuliko hesabu zote za hapo juu, lakini nilimwambia. Vilevile si kila anayesahau ana Alzheimer. Kuna kusahau kunakotokana na mishipa ya damu ya ubongo, kuna ugonjwa wa miili ya Lewy ambao mgonjwa huona watu wasiokuwepo, kuna unaoanzia mbele ya ubongo na kubadilisha tabia kabla ya kumbukumbu. Dawa ya amiloidi si yao.

Siku hizi kuna pia vipimo vya damu. Mwezi Mei 2025 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliruhusu cha kwanza kwa ajili ya Alzheimer, kwa watu wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili. Ndugu zangu walitaka sisi watoto wa Mama, tusio na dalili, sote tupimwe. Nilikataa kuratibu zoezi hilo. Utafiti wa watawa 678 wa Marekani ulioanza mwaka 1986 ulionyesha kwamba wapo waliokufa na akili timamu huku ubongo wao ukiwa na mabonge tele. Kuwa na amiloidi na kuwa mgonjwa si kitu kimoja.

Neno "inahusishwa"

Wanaofanya jambo fulani wanasahau kidogo: sawa, lakini pengine wanaolifanya ni wale ambao tayari wana afya, elimu na muda. Ndiyo maana nauliza kama watu waligawanywa kwa bahati nasibu, nani apewe na nani asipewe. Ginkgo, jani linalouzwa sana kama dawa ya kumbukumbu, liligawanywa hivyo kwa wazee 3,069 wa miaka 75 na zaidi, na matokeo ya mwaka 2008 yakaonyesha halikuzuia chochote. Hilo hulituma kila mara vidonge vyake vinapotajwa kundini.

Mara chache sheria yenyewe hufanya bahati nasibu, na hapo napenda sana. Wales ilipoanza kutoa chanjo ya mkanda wa jeshi mwaka 2013, waliozaliwa tarehe 2 Septemba 1933 au baadaye walistahili. Waliozaliwa kabla ya hapo hawakustahili kamwe. Aliyezaliwa wiki moja kabla na aliyezaliwa wiki moja baada hawana tofauti nyingine ya maana. Watafiti walipowafuatilia kwa miaka saba, waliochanjwa walikuwa na uwezekano mdogo kwa takribani moja ya tano wa kupatikana na ugonjwa wa kusahau. Matokeo hayo yalitoka 2025. Bado si neno la mwisho, ila yana uzito ambao "wanaokula hiki wanasahau kidogo" haitakuwa nao.

Nani anasema?

Hili nalipitia haraka. Tangazo la kampuni kwa wawekezaji si utafiti. Idhini ya serikali nayo isomwe kwa makini: aducanumab, dawa nyingine ya kuondoa amiloidi, iliidhinishwa na FDA Juni 2021 ingawa jopo la washauri wake lilikuwa limeukataa ushahidi, na mwaka 2024 kampuni ikaachana nayo. Hata kuchapishwa kwenye jarida kubwa si kinga, maana makala maarufu ya mwaka 2006 katika jarida la Nature, kuhusu aina moja ya amiloidi, ilifutwa mwaka 2024 kwa sababu ya picha zilizochezewa.

Ninachoandika kundini

Mistari mitatu. Nani alipimwa na wangapi. Tofauti ni alama ngapi katika kipimo cha ngapi, na madhara kiasi gani. Je, Mama yumo, ndiyo au hapana. Wakitaka zaidi wananipigia simu.

Wakiuliza "sasa tufanye nini?", siwarudishi mikono mitupu. Ndugu anayeanza kusahau apelekwe hospitali kabla hajabandikwa jina la ugonjwa: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, damu iliyovia kichwani baada ya kuanguka, hata dawa anazokunywa kwa ajili ya allergi au kibofu, vyote vinaweza kufanana na ugonjwa huu, na vinatibika. Beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, daktari azione. Sisi tulio wazima tunaangalia shinikizo la damu, kisukari, lehemu, sigara, masikio na macho. Tume ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 ya namna hiyo mwaka 2024, na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa duniani vingezuilika au kucheleweshwa kama yote yangeondolewa. Hiyo ni hesabu ya umma mzima; haisemi kwamba wewe ukiacha sigara umejikinga kwa kiasi hicho.

Na wakitaka kumwingiza mgonjwa kwenye jaribio, afanye uamuzi huo mapema, akiwa bado anaweza kusema mwenyewe ndiyo au hapana. Litafute jaribio kwenye rejista ya wazi kama ClinicalTrials.gov. Mkitakiwa kulipa ili kushiriki, ondokeni. Kisha waulizeni watafiti: uwezekano wa kupewa plasebo ni kiasi gani, nani atagharamia matibabu akidhurika, ataruhusiwa kujitoa lini, na jaribio likiisha huku dawa ikionekana kumsaidia, ataendelea kuipata kutoka kwa nani. Hilo la mwisho jibu lake liwe limeandikwa.