Kashe ya SSSD kwa amri: somo, someni kabla ya kuuliza

SSSD ni programu ya Linux inayouliza seva ya LDAP (orodha ya pamoja ya watu na vikundi) na kuhifadhi majibu kwenye mashine; hifadhi hiyo ndiyo kashe. Swali ni lile lile kila mara: "Nimeongeza mtu kwenye kikundi cha LDAP, mbona mashine haioni?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Amri zote hapa ni za root (msimamizi mkuu wa mashine).

1. `systemctl status sssd`. Je, inafanya kazi?

2. `sssctl config-check`. Hukagua makosa ndani ya sssd.conf, faili la mipangilio ya SSSD.

3. `sssctl domain-list` ikupe jina la domeni (chanzo cha watumiaji kilichoandikwa ndani ya sssd.conf), halafu `sssctl domain-status jina_la_domeni`. Tafuta Online (seva inapatikana) au Offline (haipatikani).

4. `sssctl user-show jina` huonyesha saa ambayo habari za mtu huyo zitaisha muda. Usipobadilisha kitu, ni sekunde 5400, saa moja na nusu. Mara nyingi ukisubiri tu inatosha.

5. Huna subira? `sss_cache -u jina` kwa mtu, `-g` kwa kikundi, `-E` kwa vyote. Halafu `id jina`.

Hapa tuelewane. `sss_cache` haifuti kitu, inatia tu alama kwamba habari zimeisha muda, na ombi linalofuata linaenda kwa seva. Rezo (mtandao) ikiwa imekatika, SSSD inaendelea na habari za zamani na watu wanafanya kazi. `rm -f /var/lib/sss/db/*` ni jambo lingine kabisa! Kama mmeweka `cache_credentials = true`, humo ndimo mna hash za maneno ya siri (maneno hayo yaliyogeuzwa yasisomeke), ambazo SSSD hutumia kuwaingiza watu bila rezo. Seva iko Goma, nyinyi muko Bukavu, rezo hakuna: ukifuta, haingii mtu yeyote ila akaunti za ndani ya mashine. Na rezo ikirudi, kila mmoja lazima kwanza aingie mara moja seva ikiwa inapatikana, ndipo ataweza tena kuingia bila rezo. Kama faili zimeharibika kweli na lazima zifutwe, hakikisha seva inapatikana, acha dirisha la pili la root wazi, kisha tumia `sssctl cache-remove`.

6. Rezo imerudi lakini bado Offline: `pkill -USR2 -x sssd` huiambia SSSD irudi Online. USR1 hufanya kinyume, nzuri kwa kujaribu kama watu wataweza kuingia siku rezo ikikatika.

MASWALI

— Haifanyi kazi, saidia haraka.
— Amri gani? Imejibu nini?

— Nimewasha upya sssd mara nyingi, bado.
— Kashe iko kwenye diski, kuwasha upya hakuigusi. Hatua ya 5, Papa. Imeandikwa.

— Nimefanya `-E`, lakini `groups` inaleta vikundi vya zamani.
— `groups` bila jina husoma kikao chako, siyo kashe. Toka, uingie tena.

— Mkubwa, nilimtafuta mtu kabla hajaundwa. Sasa yupo, mashine inakataa. Inakumbuka hata asiyekuwepo?
— Swali zuri, mdogo wangu. Ndiyo, kwa sekunde 15. Ikizidi, angalia kama nscd (programu nyingine ya kashe) nayo inatembea: inaweka kashe yake juu ya ile ya SSSD, na `sss_cache` si ya kuitegemea kwa hiyo. Ndani ya /etc/nscd.conf andika `enable-cache passwd no`, na `group` vilevile. `hosts` unaweza kuiacha.

— Kwetu, kurant (umeme) ikirudi, Kerberos (mfumo wa kuthibitisha wanaoingia) inakataa watu wote.
— Angalia saa kwanza. Betri ndogo ya ndani ikifa, mashine inaamka na tarehe ya zamani, na Kerberos kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5. Kama unatumia chrony (programu ya kurekebisha saa): `chronyc makestep`. Na ubadilishe hiyo betri.