Mkanda wa taimingi umekatika mlimani, fanya hivi

Gari inapanda Mlima Nyoka hapa Mbeya vizuri tu, ghafla inazima bila hata kukohoa, ukipiga stata injini inazunguka nyepesi mno kama haina kompresheni. Hapo mkanda wa taimingi, ule unaounganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamu (shafti inayofungua vali), umeshaenda ndugu yangu.

Kwanza kanyaga breki moja kwa moja usiachie achie, maana injini ikizima breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili tatu afu inakuwa gogo. Vuta hendibreki, weka jiwe kwenye tairi.

Pili, na hapa nawaomba sana, ACHA STATA, na wale vijana wa kusukuma ili ishtuke waambie asante. Injini za dizeli za Toyota kama 5L na 1HZ, mkanda ukikatika pistoni inagonga vali, zinapinda, kama kuna iliyopona mwanzo wewe ndo unaimalizia na hedi, yaani kichwa cha injini, itabidi ishushwe. Petroli za 4A-FE, 5A-FE na 3S-FE za kawaida huwa zinapona. IST na Probox za injini ya 1NZ zina cheni badala ya mkanda, tafuta tatizo lingine.

Kuhakikisha, fungua mfuniko wa oili uchungulie, mwenzako azungushe krenki kwa spana kidogo tu taratibu, kamu ikiwa imetulia tuli basi ni mkanda. Ivute gari hadi gereji.

Ukishafungua kava usikimbilie kufunga mkanda mpya, tafuta kwanza kilichoua wa zamani. Juzi hapa Mwanjelwa nimetoa mkanda ambao haujamaliza mwaka, umelowa oili, meno yananyofoka kwa kucha, kumbe sili (mpira wa kuzuia oili) ya kamu inavuja na aliyefunga aliiacha vilevile, yaani mwenye gari kalipa mara mbili kwa sili ya bei ndogo! Badili sili za kamu na krenki, zungusha tenshena (puli inayokaza mkanda) kwa kidole, ikikwaruza kama ina mchanga tupa. Kwenye 3S pampu ya maji inazungushwa na mkanda huuhuu, ibadili humohumo.

Toa plagi, linganisha alama za kamu na krenki, vaa mkanda, kaza tenshena. Afu zungusha krenki kwa mkono mizunguko 2 kamili, kamu itaenda 1, alama zirudi palepale. Jino 1 likiruka vua uanze upya, ikigota usilazimishe.

Zikikaa sawa ndo upige stata. Andika kilomita kwa maka pen kwenye kava, Toyota nyingi za hivi ni 100,000 unabadili tena.