Namna ya Kuwafundisha Vijana wa Kanisa Asili ya Krismasi

Anza na jua. Kijana aliyelelewa Kisumu, karibu kabisa na mstari wa ikweta, amezoea mchana na usiku unaokaribia kulingana mwaka mzima. Hawezi kuelewa kwa nini mwisho wa Desemba uliwagusa sana watu wa kale wa Ulaya mpaka umweleze kwamba mjini Roma mchana wa majira hayo hupungua hadi muda wa saa 9 hivi, kisha huanza kurefuka tena.

Baadaye wape Biblia, wasome sura ya pili ya Mathayo na ya pili ya Luka, wakitafuta tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu na idadi ya mamajusi. Usiwadokezee jibu. Wakigundua wenyewe kwamba havimo, watakusikiliza kwa makini zaidi.

Hapo ndipo uwaletee kalenda ya Roma ya mwaka 354, na usiipitie kwa haraka. Ndani yake mna orodha iliyotungwa na Wakristo, inayoaminika kuwa ya mwaka 336, inayotaja kwamba Kristo alizaliwa Bethlehemu tarehe 25 Desemba. Katika sehemu nyingine ya kitabu hichohicho, siku hiyohiyo imeandikiwa kuzaliwa kwa “Asiyeshindwa”, ambaye wengi humchukulia kuwa mungu jua aliyejengewa hekalu na Kaisari Aurelian mwaka 274, pamoja na mbio 30 za magari ya farasi. Wako wanaosema kanisa liliichukua sikukuu hiyo. Wengine husema Wakristo waliamini mimba ilitungwa tarehe 25 Machi, wakahesabu miezi tisa. Nakusihi, mwalimu mwenzangu, ufundishe maelezo yote mawili, kwa kuwa ushahidi tulio nao hauturuhusu kumhukumu mtu yeyote kuwa mpagani kwa kusherehekea.

Pango la Krismasi halihitaji muda mrefu: Fransisko wa Asizi alilipanga Greccio, nchini Italia, mwaka 1223, akaweka hori lenye nyasi kavu, ng'ombe na punda. Mti wa Krismasi ulitoka Ujerumani, ukapendwa zaidi Uingereza baada ya gazeti moja la London kuchapisha, mwaka 1848, picha ya Malkia Victoria na jamaa yake wakiwa wameuzunguka.

Mwishowe wasogeze vijana kwenye tawi la saipresi lililosimamishwa ndani ya ndoo ya mchanga kanisani, waguse vipande vya pamba vilivyobandikwa juu yake, kisha waulize pamba hiyo inawakilisha nini.