Namna ya kuidai kaunti itunge sheria imara dhidi ya fataki haramu

Mkesha wa Mwaka Mpya huangukia katika msimu wa kaskazi, wakati makuti yamekauka na cheche moja ikitosha kuteketeza nyumba na za majirani. Mkazi wa Mombasa, Kilifi, Kwale au Lamu anayetaka fataki zidhibitiwe hapaswi kuona haya kana kwamba anawanyima watu furaha, kwani anachokitetea ni paa, usingizi wa mgonjwa na vidole vya watoto. Ila azma hiyo haitafika popote kwa malalamiko ya barazani. Inahitaji kuandikwa, kutiwa sahihi na kuwasilishwa mahali panapostahili.

Kabla ya kuandika chochote, fahamu kwamba sheria za kitaifa zipo tayari. Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, inasimamia uingizaji, uhifadhi na uuzaji wa vilipuzi, na kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, zinamtaka anayekusudia kupiga fataki aombe kibali kwanza. Kanuni hizo pia zimeweka kikomo cha sauti katika maeneo ya makazi, nje ya nyumba, kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku, ilhali fataki ya kawaida huvuka kiwango hicho kwa mbali sana. Uingereza yenyewe, iliyo na soko kubwa la fataki, imeweka kikomo cha desibeli 120 kwa zile zinazouzwa madukani. Pengo letu basi liko kwenye utekelezaji: katika ngazi ya wadi hakuna mtu aliyepewa jukumu la kukagua duka wala ghala.

Pengo hilo kaunti inaweza kuliziba, mradi isijaribu kutunga upya sheria ya vilipuzi, ambayo si mamlaka yake. Sehemu ya Pili ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti udhibiti wa kelele na kero nyingine za umma, leseni za biashara, na huduma za zimamoto pamoja na kukabiliana na majanga. Mswada uliojengwa juu ya nguzo hizo tatu hautayumba kirahisi mahakamani.

Sasa kusanya ushahidi, na uanze siku hiyo hiyo tukio linapotokea. Piga ripoti kituo cha polisi na uhifadhi nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, andika tarehe, saa na mtaa, kisha upige picha maganda yaliyobaki chini kabla hayajafagiwa, hasa upande wenye jina la mwagizaji au usiokuwa na jina lolote. Kipande hicho cha karatasi kina thamani kuliko video kumi za mwanga angani, kwa sababu ndicho kinachoweza kumfikisha mkaguzi kwa aliyeuza. Daktari au muuguzi akikubali kuthibitisha kwa maandishi majeraha aliyoyatibu, bila kutaja wagonjwa, ongeza barua yake.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge la Kaunti litunge, lirekebishe au lifute sheria. Fuata mtindo uliowekwa kwa maombi yanayopelekwa Bunge la kitaifa: uandike kwa Kiswahili au Kiingereza bila kufutafuta, ueleze hatua ulizokwisha kuchukua na majibu uliyopata, useme kama jambo hilo liko mahakamani au la, umalizie kwa kutaja waziwazi unachoomba, kisha waombaji watie majina, anwani, nambari za vitambulisho na sahihi au alama ya kidole gumba. Mpelekee karani wa bunge, nakala umpe mwakilishi wadi wako, na usiondoke bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa.

Katika kile unachoomba ndipo wengi hukosea, kwa kuwa huomba adhabu kali kwa anayewasha na kumsahau anayeuza. Mtoto aliyekamatwa na roketi moja hajui ilikotoka shehena. Omba leseni maalumu ya kuuza, marufuku ya kuwauzia walio chini ya miaka 18, na ukaguzi wa zimamoto katika kila ghala, pamoja na katazo la kuhifadhi fataki katika majengo ya makazi. Mji wa Enschede nchini Uholanzi ulipoteza watu 23 tarehe 13 Mei 2000 ghala la fataki lililozungukwa na nyumba za watu lilipolipuka. Omba pia mwenye ukumbi au nyumba awajibike kwa fataki zinazopigwa kwake, kama miji kadhaa ya California ilivyofanya, maana ni rahisi kuthibitisha zilikopigwa kuliko mkono uliowasha. Sisitiza kwamba adhabu ziandikwe ndani ya sheria yenyewe. Zikiachiwa kanuni zinazotungwa chini ya sheria hiyo, Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 huweka ukomo wa faini ya shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita, na mwagizaji mkubwa atailipa faini hiyo bila kutetereka.

Mswada ukichapishwa, Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimu bunge kuwashirikisha wananchi. Fika kikaoni na wafanyabiashara wa halali pia, wanaoumizwa na magendo.

Mwisho, fuatilia fedha mapema, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1. Omba vipima sauti kwa maafisa wa mazingira, stoo salama ya fataki zilizokamatwa, na mizani ya kuzipima. Tarehe 30 Juni 2021, polisi wa Los Angeles walilipua fataki walizozinasa wakiwa wamekadiria uzito kwa macho. Gari maalumu la kuhimili mlipuko likapasuka, watu 17 wakajeruhiwa na nyumba za jirani zikaharibika.