Kwa nini pensheni ya Leta haifanani: fungua dosye yako kwanza

Wawili wameingia kazi ya Leta, yaani ya serikali, mwaka mmoja, wamekaa biro moja hapa Lubumbashi, Kongo, wametoka mwezi mmoja. Mmoja anapokea karibu mara mbili ya mwenzake. Swali hili naletewa kila wakati, na mara nyingi linakuja na tuhuma ndani yake: mwenzangu alitoa kitu, mwenzangu ni ndugu wa mkubwa. Sikatai kwamba mambo hayo yapo. Lakini katika dosye (faili za kazi) ambazo nimesaidia kuzipanga, tofauti huwa imeandikwa wazi kwenye karatasi miaka mingi kabla mtu hajatoka, na mwenyewe hakuwahi kuisoma. Inaniuma, maana nyingi ya kasoro hizo hurekebishika mtu akiwa bado kazini, na akishatoka zinakuwa mlima.

Leta daftari, kalamu, na ile bahasha ya karatasi za kazi iliyo chini ya nguo kabatini. Twende polepole.

Hatua ya 1: Jua uko kwenye kasha (mfuko wa pensheni) gani

Mjini kwetu kila aliyefanya kazi Gécamines (migodi), SNCC (reli), SNEL (umeme) au REGIDESO (maji) husema alifanyia Leta. Kwa maongezi ya nyumbani ni sawa. Kwa pensheni si sawa. Wafanyakazi wa kampuni hizo wanafuata sheria ya kazi, na pensheni yao iko CNSS, kasha la wafanyakazi wa makampuni, ile ambayo wazee bado wanaiita INSS. Inaongozwa na sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016. Fungu la pensheni ni 10% ya mshahara: 5% inakatwa kwa mfanyakazi, 5% inatoka kwa mwajiri. Umri ni miaka 60, mwanamume na mwanamke sawa, na unatakiwa uwe na miezi 180 iliyotambuliwa, yaani miaka 15.

Mtumishi wa wizara au wa divisheni ya mkoa, mwenye matrikili (namba) ya utumishi wa umma, ni mtu wa CNSSAP, kasha la watumishi wa umma lililoundwa kwa amri ya Desemba 2015. Huyu anatoka akifika miaka 65 ya umri au miaka 35 ya kazi, kinachotangulia. Kabla ya kasha hilo, pensheni yake ilitoka moja kwa moja kwenye bajeti ya Leta bila yeye kukatwa kitu. Askari na polisi wana utaratibu wao. Somo hili haliwahusu.

Kwa hiyo mtu wa divisheni akijilinganisha na baba mkwe wake aliyetoka Gécamines, analinganisha madaftari mawili yasiyojuana. Na wale wa kuondoka kwa hiari Gécamines mwaka 2003 na 2004, watu 10,655, zile pesa walizopewa hazikuwa pensheni. Yalikuwa malipo ya kuacha kazi. Nasema hili kwa sababu bado kuna familia huku kwenye komini za Kenya na Katuba, hapa mjini, zinazoamini baba "alishakula pensheni yote", zikaacha kuuliza haki yake ya CNSS.

Hatua ya 2: Hesabu miaka ya karatasi

Miaka inaanza kuhesabiwa pale hati inapoanza. Siku uliyoingia ofisini kwa miguu yako ni jambo jingine. Tunao wengi walioanza kama NU, yaani wapya wasio na matrikili, wakafanya kazi miaka na miaka wakisubiri arete, hati rasmi ya kumwingiza mtu kazini au kumpandisha gradi. Kwao walitumikia tangu kijana. Kwa dosye walianza siku ya arete.

Angalia pia matundu ya katikati: kipindi ulichochukua likizo bila mshahara, mwaka ambao jina lilitoka kwenye listi ya malipo na kurudi baadaye, uhamisho kutoka mkoa mwingine ambao barua yake haikufika. Mwezi usio na mshahara hauna makato. Andika kila tundu, tarehe kwa tarehe.

Umri wa kuingia nao unafanya kazi yake kimya. Aliyeingia na miaka 24 anafikisha miaka 35 ya kazi akiwa na miaka 59. Aliyeingia na miaka 38 anasimamishwa na umri wa 65, akiwa na miaka 27 tu ya kazi. Wote wawili wamemaliza kihalali, na hawawezi kupata sawa.

Hatua ya 3: Soma gradi yako, usisome cheo cha mlangoni

Hapa ndipo watu wa ofisini kwetu wanapotezea pesa nyingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu ni atashe wa daraja la kwanza. Shefu wa biro anahamishwa, yeye anawekwa ashike nafasi. Barua inasema ni kwa muda. Muda unakuwa miaka tisa. Watu wote wanamwita shefu, anasaini karatasi za shefu, anakaa kwenye kiti cha shefu. Siku ya kutoka, dosye inamtaja kama atashe wa daraja la kwanza, kwa sababu hakuna arete iliyompandisha. Barua ya kushika nafasi haikupandishi gradi.

Tufanye hesabu ya mfano. Namba hizi nimezitunga ili uone njia tu. Usiende nazo kwenye gishe (dirisha la ofisi). Tuseme kila mwaka unaotambuliwa unaleta 2% ya mshahara unaohesabika.

Wa kwanza ana mshahara unaohesabika wa franka 300,000 na miaka 30. Mara 30 kwa 2% ni 60%, basi anapata franka 180,000.

Wa pili ana mshahara uleule wa 300,000, lakini miaka 12 ya mwanzo alikuwa NU bila hati. Inabaki 18, yaani 36%. Anapata franka 108,000.

Wa tatu ana miaka 30 kama wa kwanza, ila arete ya kupanda gradi ilitoka na mshahara wake unaohesabika ni 420,000. Anapata franka 252,000.

Wote watatu walikaa biro moja, na wa tatu anazidi mara mbili ya wa pili bila yeyote kumwibia mwenzake. Kama una barua ya kushika nafasi iliyopitwa na miaka, anza leo kuandika kwa njia ya mkubwa wako kuomba gradi itengenezwe, na kila barua upige nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Nakala isiyo na muhuri huwezi kuitetea.

Hatua ya 4: Tenganisha mshahara na primu

Chukua buleteni ya malipo, au karatasi ya benki kama buleteni hupewi. Kwa watumishi wengi mshahara wa msingi ni kitu kidogo, na kinacholisha nyumba ni primu, pesa za nyongeza juu ya mshahara. Tena primu inatofautiana wizara kwa wizara: wanaokusanya kodi hawafanani na wa mambo ya jamii, hata wakiwa gradi moja. Kiasi kisichopitiwa na makato hakiingii kwenye hesabu. Ndiyo maana mtu aliyekuwa akiishi vizuri kazini anaanguka vibaya akitoka, na jirani aliyekuwa chini yake kwa maisha haanguki sana. Piga mstari chini ya kila kiasi kilichokatwa. Panga uzee wako kwa mistari hiyo.

Hatua ya 5: Weka karatasi tatu mezani

Arete ya kuingia kazini, kadi ya mpiga kura, na karatasi ya benki. Ziweke sambamba, usome jina herufi kwa herufi, kisha tarehe ya kuzaliwa.

Walioingia kazini wakati wa Zaire mara nyingi hawana jina la kikristo kwenye arete, kwa sababu kuanzia 1972 majina hayo yalikatazwa. Kadi ya leo inalo. Mwingine arete inasema "Mwamba Kabwe", benki inasema "Kabwe Mwamba Joseph". Wewe unajua ni mtu mmoja. Mashine haijui, na inaweza kugawa miaka yako kwa watu wawili. Tarehe nayo: arete imeandika mwaka tu bila siku, kadi ina siku na mwezi. Hilo linatengenezwa kwa hati ya mahakama, na ni rahisi zaidi kulifanya ukiwa na mshahara wa kulipia safari na karatasi.

Hatua ya 6: Tazama tarehe ya kutoka

Aliyetoka 1996 alikadiriwa kwa zaire mpya, fedha ya wakati ule. Mwaka 1998 ikaja franka, moja kwa zaire mpya 100,000. Tangu hapo mishahara imebadilishwa mara nyingi. Waliotoka vipindi tofauti wakiwa na gradi ileile wana misingi tofauti, na nyongeza haiwafikii sawa. Na sote tunajua nyumba hapa inapangwa kwa dola wakati pensheni inakuja kwa franka.

Maswali ya memba

*Mama wa Katuba:* Mume wangu amefariki, alikuwa mtumishi. Tunachopewa hakifiki nusu ya chake. Wametukata?

Pole sana, Mama. Pensheni ya aliyefariki haihamii kwa mjane nzima. Inageuka kuwa haki ya walioachwa, mjane na watoto, kila mmoja na fungu lake, na fungu la mtoto lina mwisho wa umri. Omba karatasi inayoonyesha nani ameandikwa na fungu gani. Kama ndoa yenu ilikuwa ya kimila na haikuandikishwa komini, anzia hapo. Na kama kuna watoto wa upande mwingine waliotambuliwa kisheria, nao wamo. Ni vizuri familia ikae iongee kabla ya kwenda kwenye gishe.

*Mzee wa reli, Kampemba:* Nilifanya kazi miaka 28. CNSS wanasema sifikishi miezi 180. Inawezekanaje?

Inawezekana, Papa, ikiwa mwajiri alikukata bila kupeleka, au hakukutangaza kwa miaka fulani. Usikubali jibu la mdomo. Omba orodha ya miezi waliyonayo, uilinganishe na buleteni zako za zamani. Asiyefikisha hupewa malipo ya mara moja badala ya pensheni ya kila mwezi, kwa hiyo usisaini kupokea kabla ya kudai miezi inayokosekana. Ukiwa na wenzako wa mwaka ule wenye tatizo lilelile, nendeni pamoja.

*Kijana wa Ruashi:* Jirani amepata pesa nyingi kwa mkupuo mmoja, baba yangu hakupata. Wote walikuwa gradi moja.

Ndugu, uliza kwanza zilikuwa pesa za nini. Kuna malipo ya kumaliza kazi, ambayo si pensheni. Kuna pia malimbikizo: miezi iliyochelewa ikalipwa pamoja. Linganisha mwezi mmoja wa kawaida na mwezi mmoja wa kawaida.

*Mtumishi wa divisheni, miaka 31 kazini:* Nimebakiza miaka minne. Nianze na nini?

Mkubwa, anza na hatua ya 5, kwa sababu mahakama na komini huchukua muda. Hiyo ikienda, fuata gradi. Primu huwezi kuibadilisha peke yako. Hilo ni la sendika (chama cha wafanyakazi), na nakuomba uingie kwenye mkutano wao ujao uliulize kwa sauti.