Kuchagua bunduki ya marisau iliyotumika: urefu wa chemba kwanza, uzuri wa mbao baadaye

Wawindaji wengi wa kanga na kwale hapa Tanzania hununua bunduki yao ya kwanza kutoka kwa mtu, na si dukani. Mara nyingi ni bunduki ya mitutu miwili, ya Uingereza au ya Ubelgiji, ambayo imepita mikononi mwa watu watatu au wanne kabla ya kufika kwako. Silaha hizo huweza kudumu karne nzima zikitunzwa, lakini nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya risasi fupi kuliko zinazouzwa leo. Mnunuzi akishaambiwa kwamba bunduki ni kaliba 12, huona amejua yote, ilhali kaliba ni upana tu wa mtutu na haisemi lolote kuhusu urefu wa risasi unaoruhusiwa.

Hatua ya kwanza: hati. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu silaha ihame mkono kwa mkono kwa makubaliano ya muuzaji na mnunuzi peke yao. Kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, omba kuiona leseni ya muuzaji, linganisha namba iliyomo na namba iliyochongwa kwenye chuma, kisha nendeni Polisi pamoja. Namba ikiwa imesuguliwa, rudi nyumbani. Kumbuka pia kwamba leseni ya kumiliki silaha si kibali cha kuwinda, kwani hicho hutolewa na mamlaka za wanyamapori.

Hatua ya pili: ielewe risasi kabla ya bunduki. Msomaji wa haraka huiruka hatua hii, nami naomba asiiruke, kwa kuwa ndiyo yenye hatari. Chemba ni sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, na kaliba 12 ina chemba za urefu wa aina nne ambazo unaweza kukutana nazo: milimita 65 (inchi 2½), 70 (inchi 2¾), 76 (inchi 3) na 89 (inchi 3½). Hii ya mwisho ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1988, kwa hiyo huwezi kuikuta kwenye bunduki ya babu. Urefu unaoandikwa kwenye boksi, kwa mfano 12/70, ni urefu wa ganda baada ya kufyatuliwa, si wa risasi nzima. Chukua risasi mpya ya 70 iliyofungwa mdomo kwa mikunjo ya nyota, uipime kwa rula: utapata milimita kati ya 57 na 60. Pima ganda lake baada ya kufyatua, nawe utaona mikunjo imefunguka na urefu umekaribia 70.

Kwa hiyo risasi ya 70 huingia kwenye chemba ya 65 bila kukwama hata kidogo, na ile ya 76, ambayo ikiwa nzima haizidi sana milimita 65, huingia kwenye chemba ya 70 vilevile. Bunduki hufunga vizuri na muuzaji hukuambia, "Si unaona mwenyewe imeingia?" Tatizo hutokea wakati wa kufyatua. Mbele ya chemba kuna shingo, yaani sehemu ambayo upana unapungua kutoka ule wa ganda hadi ule wa mtutu. Mdomo wa ganda refu hufungukia ndani ya shingo hiyo, ukaibana njia ya marisau na kizibo chake wakati huohuo moto wa baruti unasukuma kutoka nyuma. Shinikizo hupanda kupita lile ambalo bunduki ilipimwa kulihimili. Pengine siku hiyo hutaona kitu zaidi ya bega kuuma, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Bawaba hulegea pole pole, kitako hupata ufa nyuma ya chuma, na mtutu uliokwisha kuwa mwembamba unaweza kupasuka karibu na mkono wako wa kushoto.

Hatua ya tatu: soma alama za ithibati, yaani zile zinazogongwa na kituo kilichoijaribu nguvu ya bunduki. Fungua bunduki, hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba zote ni tupu, ondoa kipande cha mbao cha mbele, tenganisha mitutu na uigeuze. Kwenye sehemu bapa za chini, karibu na chemba, utakuta alama ndogo zilizogongwa. Futa mafuta kwa kitambaa na utumie miwani ya kukuza, kwa sababu nyingi zimechakaa.

Bunduki ya Uingereza iliyopimwa London au Birmingham huwa na taji pamoja na herufi. Herufi NP chini ya taji maana yake imepimwa kwa baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za leo. Alama kama 2½″ au 2¾″ ndiyo urefu wa chemba. Zilizopimwa katika miongo iliyofuata mwaka 1954 huonyesha pia shinikizo kwa tani kwa kila inchi ya mraba: tani 3 mara nyingi huenda na chemba ya 65, tani 3¼ na ile ya 70, na tani 4 na ile ya 76. Ya Ubelgiji ina herufi ELG ndani ya umbo la yai, na herufi PV zenye simba ndizo zinazothibitisha baruti isiyo na moshi. Za Hispania, Italia na Urusi hazisumbui, kwani zile za miaka ya karibuni huandikwa wazi 12-70 au 12x70, na bunduki nyingi za Baikal, chapa ya Urusi, zinazopatikana kwetu ni za 70. Marekani haina kituo cha serikali cha ithibati, hivyo tafuta maandishi ya kiwanda ubavuni mwa mtutu. Ukikuta bunduki ya zamani ya huko isiyo na maandishi ya urefu, usikisie.

Ukiona mitutu ina michoro kama mawimbi ya maji ndani ya chuma chenyewe, hiyo ni mitutu ya kusokotwa, na nyingi katika hizo zilitengenezwa kwa baruti nyeusi ya zamani. Zinapendeza ukutani, na mimi sizipigi.

Hatua ya nne: pima chemba mwenyewe. Alama husema bunduki ilivyokuwa siku ilipopimwa, na fundi fulani anaweza kuwa amechonga chemba kutoka 65 kwenda 70 miaka iliyofuata bila kuirudisha kwenye ithibati. Fundi bunduki ana kipimo maalumu cha mviringo cha kazi hii. Usipokuwa nacho, kata kadi ngumu ya plastiki yenye upana wa milimita 20.2, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, uichore mistari ya 65, 70 na 76. Isukume taratibu ndani ya chemba iliyosafishwa hadi ikwame kwenye mwanzo wa shingo, kisha soma mstari uliolingana na ukingo wa nyuma wa mtutu. Kadi ikiwa nyembamba hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, itapita mwanzo wa shingo na kukupa urefu wa uongo, hasa kwenye bunduki zenye shingo ndefu. Rudia mara tatu kwa kila mtutu. Majibu ya karibu 68 yakikuchanganya, ihesabu bunduki hiyo kuwa ya 65 hadi fundi athibitishe.

Kipimo kikizidi alama, yaani alama inasema 2½ na kadi inasoma 70, chemba imechongwa. Mzee mmoja wa Iringa aliwahi kuniletea bunduki ya namna hiyo, nzuri kwa macho, yenye mbao za walnati zilizosuguliwa kwa mafuta. Tulipopima unene wa mtutu wa kulia mbele ya chemba, ulikuwa umeliwa na ukingo wa shingo mpya haukuwa katikati. Aliuziwa kwa bei ya bunduki ya 70, na hakuwa na wa kumrudishia.

Hatua ya tano: mitutu na bawaba. Elekeza mitutu kwenye mwanga wa dirisha uangalie ndani, ukiisogeza polepole. Duara za kivuli ziwe kamili, na kivuli kinachokatika au kuvimba ni dalili ya bonde au uvimbe. Vidoa vya kutu karibu na mdomo si balaa, lakini karibu na chemba ni sababu ya kuacha. Mafundi wa Uingereza huona unene wa ukuta ulio chini ya nusu milimita ni wa kutiliwa shaka. Halafu irudishe mitutu mahali pake bila kipande cha mbele cha mbao, ifunge na uitikise: ikicheza, bawaba imechoka. Jaribu vifyatulio kwa maganda bandia, si kwa hewa tupu, ili usivunje pini.

Bunduki ya kujipakia yenyewe ina shida ya ziada: ganda refu likishafunguka linaweza kushindwa kutoka kwenye dirisha lake, likakwama katikati wakati risasi nyingine inakuja.

Hatua ya sita: nunua risasi kwa ajili ya bunduki, si kinyume chake. Bunduki ya 65 itumie risasi ya 65 au ile ambayo boksi lake linataja wazi kwamba inafaa chemba za 65. Uzito mdogo wa marisau peke yake hautoshi kuifanya salama. Kama mahali unapoishi hupati risasi hizo, basi bunduki hiyo si yako, hata ikiwa bei ni ya kutupa. Bunduki ya 70 kwa kanga inatosha kabisa na gramu 32 za marisau namba 5, na sijaona kanga aliyehitaji chemba ya 89. Tena, usiweke kamwe risasi za kaliba 20 na 12 katika mfuko mmoja. Ile ya 20 huteleza kupita chemba ya 12 na kukwama mbele, chemba ikaonekana tupu, na mwindaji akaweka ya 12 nyuma yake. Ndiyo maana risasi za kaliba 20 hutengenezwa za rangi ya njano.

Hatua ya saba: maganda ya kwanza. Ukishaipata bunduki kihalali, piga risasi chache kwenye uwanja unaoruhusiwa, kisha okota maganda na uyakague mdomoni. Mdomo unapaswa kuwa umefunguka wote, laini na wa mviringo. Ukiukuta umechanika nyuzi nyuzi, umevutwa kuwa mwembamba au plastiki yake imeyeyuka ukingoni, simama hapohapo, toa risasi zilizobaki na urudi kwenye kadi yako ya kupimia.